Printi ya kopi 25 tu: nimeipenda, ila someni cheti kabla ya kulipa

Jamani hii printi, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kwa idadi maalum, ni nzuri, acha niseme mapema. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, mtumbwi umefungwa kwenye maji yaliyotulia na ukungu umefunika ng'ambo yote, basi, hakuna kingine. Kwenye simu unaweza kuipita tu, lakini ukiishika ndo unaona ule ukungu kumbe una vivuli vingi sana vya kijivu, na kwenye weusi wa ubavu wa mtumbwi bado mbao unaziona moja moja, yaani giza halijafunga. Hiyo ni kazi ya karatasi na wino: karatasi ni pamba asilimia 100, gramu 308 kwa mita ya mraba, haina asidi kwahiyo haigeuki njano haraka, haing'ai hata kidogo, na wino ni wa pigimenti (chembechembe za rangi) sio ule wa kawaida unaopauka haraka.

Chini kwenye ukingo mweupe kuna sahihi na namba 9/25 kwa penseli, yaani kopi ya 9 kati ya 25. Watu wanagombania namba 1 wakidhani ndo bora, kwa printi za kidijitali hakuna tofauti, zote zinatoka kwenye faili moja. Cha kuangalia ni ile 25, na hapa ndo mpiga picha huyu kanifurahisha kweli maana cheti chake kinachokuja na printi kinasema wazi ni kopi 25, na nyongeza ya 2 za msanii mwenyewe, KWA SAIZI ZOTE, hakuna toleo lingine kubwa litakalokuja baadaye. Wengi hawaandiki hivyo. Kumbukeni ya William Eggleston, mpiga picha wa Marekani, mwaka 2012 alitoa printi kubwa za kidijitali za picha zake za zamani ambazo tayari ziliuzwa kama toleo la kopi chache, mkusanyaji mmoja akamshtaki, na mwaka 2013 mahakama kule New York ikaitupa kesi kwa sababu saizi na namna ya kuchapa ni tofauti kwahiyo linahesabika ni toleo jipya. Sasa kama cheti chako kimekaa kimya kuhusu saizi, wewe utamdai nini mtu?

Kilichoniudhi ni usafirishaji, imekuja imeviringishwa kwenye bomba na karatasi nene hivi inakataa kunyooka, sikuikunja kinyume maana ingevunjika uso, nimeilaza chini ya vitabu na karatasi safi juu yake mpaka ikatulia. Kwa hela ya kazi kama hii ingetumwa bapa.

Fundi wa fremu mwambieni aweke kadi ya kuzunguka isiyo na asidi ili picha isigusane na kioo, unyevu ukiingia hapo inanata na kuibandua ni kuiharibu. Gundi asipake popote. Na ukutani iwekeni pasipopigwa na jua moja kwa moja, hata pigimenti ina mwisho wake.