Kolibri: maktaba ya bure inayolipiwa na mfuko wa shule

Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality la Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya shule isiyo na intaneti ya uhakika. Unaisimika kwenye kompyuta moja, unapakua masomo mara moja, kisha wanafunzi wanayafungua kwa kivinjari kupitia Wi-Fi ya darasani bila kugusa bando. Haina ada wala leseni ya kulipia kila mwaka, na maandishi yake ya skrini yanapatikana kwa Kiswahili.

Faida ya kwanza iko kwenye bando. Chukua video ya MB 30 na darasa la watoto 60. Kila mmoja akiitazama mtandaoni, zinakwenda MB 1,800 kwa kipindi kimoja, na wakiirudia siku ya marudio zinakwenda tena. Kwa Kolibri ni MB 30 tu, basi.

Kompyuta mpakato ya kawaida yenye Windows au Linux inatosha kuanzia. Usipakue chaneli nzima, yaani mkusanyiko wote wa masomo ya chanzo kimoja: Khan Academy ya Kiingereza, yenye video na mazoezi ya masomo, peke yake inakula makumi ya GB. Ukubwa unaonyeshwa kabla ya kupakua, kwa hiyo chagua mada za muhula huu tu. Khan Academy ya Kiswahili ipo, na hadithi za African Storybook pia. Shule jirani isiyo na mtandao kabisa inaweza kuhamishiwa masomo hayo hayo kwa diski ya nje, na ni halali kwa sababu leseni zake zinaruhusu kunakili.

Kinachokwamisha zaidi ni anwani. Wanafunzi huandika kitu kama 192.168.0.105:8080. Ruta (kifaa kinachotoa Wi-Fi) ikizimwa na kuwashwa asubuhi, kompyuta inaweza kupewa namba nyingine na ukurasa usifunguke. Mwalimu anadhani programu imeharibika. Ingia kwenye ruta, itengee kompyuta hiyo namba moja ya kudumu, kisha uiandike ukutani. Kama Kolibri inafunguka kwenye kompyuta yenyewe lakini simu hazioni kitu, huenda ulinzi wa Windows (firewall) umefunga poti 8080, yaani mlango ambao Kolibri hupitia, iruhusu. Zima pia mpangilio wa kompyuta kulala mfuniko ukifungwa, la sivyo darasa zima linakatika. Simu za Android nazo zikiona Wi-Fi haina intaneti hukimbilia data ya laini, hivyo data izimwe kabla ya kipindi.

Wengi hushauri Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana ya bei nafuu, kwa sababu ya bei. Pale umeme unapokatika-katika, hatuishauri bila betri ya akiba: kuzimika ghafla kunaweza kuharibu kadi ya kumbukumbu, na masomo yote yakapotea. Isitoshe, Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa inayotembea zikizimwa, kwa hiyo ripoti za maendeleo ya wanafunzi hubeba tarehe za uongo. Kompyuta mpakato kuukuu yenye betri nzima ni bora.

Sasa fedha, na hapa ndipo penye kidonda. Elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 huenda shuleni na 4,000 hubaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 500 inapata milioni 3 za chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu kingine. Mwalimu mkuu akiweka Kolibri, umeme, ruta na diski vinatoka kwenye milioni 3 hizo, lakini kitabu kisichonunuliwa kinaokoa fedha za fungu lile la juu. Anayenufaika na akiba siye anayelipa. Afrika Kusini mwaka 2012 mambo yalikuwa tofauti: wizara ya elimu yenyewe ilichapisha vitabu huria (vinavyoruhusiwa kunakiliwa bure) vya Siyavula vya hisabati na sayansi, darasa la 10 hadi 12, ikavisambaza. Huko mlipaji na mnufaika walikuwa mmoja. Halmashauri inayotaka Kolibri idumu itenge fungu la vifaa, isiwaachie walimu wakuu. Vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinaifungua vizuri, hivyo si kila kitu kinanunuliwa upya.

Pungufu kubwa upande wa masomo: maudhui hayakupangwa kwa muhtasari wetu wa Tanzania. Mwalimu wa taaluma atahitaji kukaa na muhtasari na kupanga masomo mada kwa mada, kazi ya siku kadhaa ambayo lazima ihesabiwe.

Kwa madarasa ya chini, chapisheni hadithi kwenye karatasi. Hadithi nyingi za African Storybook zinadai mwandishi atajwe tu. Hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi 4 za A4 zikikunjwa kijitabu, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 125. Kwenye printa chagua kugeuza karatasi kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.