Wiki nne kwenye hema la hewa hafifu: uzoefu wangu kama bondia

Mabondia wengi tunatafuta hewa hafifu, ile yenye oksijeni kidogo kama ya mlimani, ili tuongeze pumzi. Nilianza na barakoa ya mazoezi inayodaiwa kuiga hewa hiyo, kama wengi wetu. Ile nyeusi yenye valvu mbele. Niliruka nayo kamba, nikapiga nayo begi, nikajiona niko mlimani. Mwezi wa pili kocha akaniuliza: "Hiyo hewa inayopita hapo ina oksijeni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Jibu ni karibu asilimia 21, ile ile anayoivuta aliyekaa kwenye benchi akinitazama. Barakoa inabana njia ya hewa tu. Misuli ya kupumulia itafanya kazi zaidi, sawa, lakini damu yako haijui habari ya mlima wowote. Mpaka leo barakoa hiyo imelala chini ya begi langu pamoja na bandeji kuukuu.

Safari hii nikakodi mashine yenyewe: kompresa ukubwa wa friji ndogo, bomba refu, na hema la plastiki linalofunika kitanda. Inavuta hewa ya chumbani, inaondoa sehemu ya oksijeni, kisha inasukuma iliyobaki hemani. Mlimani ni tofauti kidogo, maana kule asilimia ya oksijeni ni ile ile hata kileleni, kinachoshuka ni shinikizo la hewa. Nilianza na asilimia 16, sawa na kulala kwenye mita 2,100 hivi, baadaye nikashuka hadi 15, kwenye mita 2,600 na kitu.

Usiku wa kwanza nilifunga zipu saa nne. Saa nane nimeamka, shuka limeloa, plastiki inachuruzika matone ya pumzi zangu mwenyewe, na kompresa inanguruma utadhani kuna lori limeegeshwa dirishani. (Isogeze chumba kingine, bomba linafika. Mimi nililigundua hilo siku ya tano.) Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni ya damu, kilisoma asilimia 89. Kawaida yangu ni 98. Halafu kuna ile hali ya pumzi kusimama kidogo usingizini, kisha unashtuka ukihema mara tatu, nne, kama uliyezamishwa majini. Waliowahi kulala milimani wanaijua.

Wazo lenyewe si la kijinga. Oksijeni ikipungua, figo hutoa homoni ya EPO, uboho wa mifupa unaongeza chembe nyekundu, na damu inabeba oksijeni zaidi. Ila inataka muda: saa 12 au zaidi kwa siku, wiki tatu au nne mfululizo. Levine na Stray-Gundersen, kwenye utafiti wao wa 1997 unaotajwa kila mahali, waliwaweka wakimbiaji mita 2,500 na kuwashusha mita 1,250 kufanya mazoezi. Wale walikuwa wanaishi kule juu, wanakula na kutembea kule. Mimi nina kazi, nina watoto, nililala humo saa saba au nane. Inataka pia madini ya chuma mwilini. Nilipima kabla, akiba yangu ikawa chini, daktari akanipa vidonge kwanza. Usiliruke hilo.

Shida kubwa kwa mtu wa ngumi ilijitokeza wiki ya tatu. Nilikuwa nimechoka kwa kukosa usingizi. Kwenye sparingi, yaani ngumi za mazoezi, nilikula mkono wa kulia ambao siku zote nauona ukianzia begani, na aliyenipiga ni kijana wa uzito wa chini yangu. Mkimbiaji akisinzia atachelewa sekunde kadhaa. Sisi tukisinzia tunaamka tunahesabiwa. Hamu ya chakula ilipungua, na asubuhi niliamka na kiu kali. Kama uko kwenye kukata uzito ili ufikie kiwango cha pambano, hema hilo lisikukute wiki ya mwisho.

Nitalitetea kwa jambo moja: kama pambano lenyewe liko mlimani. Juni 2015, Cain Velasquez, bingwa wa UFC (yale mapigano yanayoruhusu ngumi, mateke na kukabana) aliyesifika kwa pumzi, alichoka vibaya mbele ya Fabricio Werdum huko Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari, akakabwa shingo raundi ya tatu. Werdum alikuwa ameshaizoea hewa ya kule kwa wiki kadhaa. Kwa safari ya namna hiyo ningelala hemani bila kulalamika. Na kwa wanaoniuliza kuhusu doping: WADA, shirika la dunia la kupambana na doping, waliyajadili mahema haya 2006, wakaamua kutoyapiga marufuku.

Kilichonifaa kwa kweli ni chumba cha mazoezi chenye oksijeni asilimia 14 na nusu hivi. Mara mbili kwa wiki: unakanyaga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 10, unapumzika 20, mara tano, unapoa, unarudia, seti tatu. Usiku unalala kwako kama binadamu. Siku ya kwanza, kanyago la tano la seti ya mwisho miguu ilikataa kabisa, nikabaki nimeegemea usukani. Siku ya nane nilimaliza zote. Ulingoni tofauti niliiona kwenye kumalizia: napiga mikono sita, nakumbatiana na mpinzani, tukiachanishwa bado nina mingine sita. Huenda ni mazoezi ya baiskeli tu yaliyofanya kazi, sina pacha wa kujilinganisha naye. Ila mtafiti Faiss na wenzake waliwapima waendesha baiskeli kwa mpango kama huo, 2013, na waliofanya kwenye hewa hafifu waliongeza idadi ya mikanyago kabla ya kuchoka, wa hewa ya kawaida hawakuongeza.

Siku ya kurudisha mashine, jamaa aliyenikodisha alitazama kipimo kinachohesabu saa ilizowashwa: 203. Kwa saa 12 kila siku zingekuwa 336. Akaniuliza kama nataka kuongeza mwezi. Nikamwambia, kaka, shika upande huo tuibebe hadi kwenye gari.