Football Manager 2024: nilivyotafuta timu yangu inavujia wapi

Ninacheza Football Manager 2024, mchezo wa soka wa kompyuta, chumbani kwangu Nyegezi, Mwanza, kwenye laptopu ya mtumba, usiku nikishafunga biashara. Kwa asiyeufahamu: humu hukimbii na mpira wala hubonyezi kitufe cha kupiga shuti. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga mazoezi, unachora mfumo, kisha unakaa pembeni kutazama vijana wakifanya, au wakishindwa kufanya, ulichowaagiza. Kila mchezaji amepimwa kwa alama 1 hadi 20 katika kila sifa, kuanzia kasi hadi utulivu mbele ya goli. Usajili, mishahara na mikutano na waandishi wa habari nitaviacha. Nataka nieleze jambo moja lililonichukua miezi miwili kulielewa, nalo ni jinsi ya kuuona udhaifu wa timu yako mwenyewe.

Nilichukua Derby County wakiwa League One, daraja la tatu la Uingereza, timu 24, mechi 46. Nikaweka 4-2-3-1 (mabeki wanne, viungo wawili mbele yao, kisha watatu na straika mmoja), presha ya juu kabisa, yaani kumkaba adui tangu golini kwake, mstari wa ulinzi juu, mabeki wa pembeni wote wawili wanapanda. Agosti tulitamba. Kufika Oktoba tukaruhusu mabao 14 katika mechi 7, mengi yakiingia baada ya dakika ya 60. Nikafanya wanachofanya wengi: kila tukifungwa, nabadili mfumo. Jumamosi 4-3-3, Jumanne mabeki watatu nyuma, Jumamosi inayofuata nimerudi 4-2-3-1. Mabeki wa kati wote wawili nikawaweka benchi, na mmoja nikamtangaza anauzwa.

Kumbe kubadili-badili ndiko kulikokuwa kunalikuza tatizo. Mchezo una kipimo kinachoonyesha wachezaji wameuzoea mfumo kwa kiasi gani. Kinapanda taratibu kwa mazoezi na mechi, na kinashuka ukileta mambo mageni. Timu isiyouzoea mfumo wake inachelewa kuziba nafasi, pasi zinapishana na mtu. Unaruhusiwa kuwa na mifumo 3 kwa wakati mmoja na kuifanyia mazoezi yote. Mimi nilikuwa nafuta kila wiki naanza upya.

Aliyenifumbua macho ni kocha wa timu ya vijana ya mtaani kwetu, mzee aliyeanza kwenda uwanja wa Kirumba kuitazama Pamba akiwa bado mtoto. Mwaka 2024, Pamba iliporudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, wiki nzima alivaa jezi yao. Jioni moja alipita kwangu kuchaji simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba kijana wangu. Mnaongoza?"

Nikamwambia tumefungwa tena, nikaanza kumwonyesha bao. Akanikatiza. "Bao nimeliona. Nionyeshe mpira ulipopotea."

Hilo linawezekana. Baada ya mechi unaweza kurudi kwenye tukio lolote ukalitazama upya, tena kutoka juu, wachezaji wote 22 wakionekana. Nilikuwa nayo nafasi hiyo siku zote, nikaishia kutazama sekunde tano za mwisho, mpira ukigusa nyavu. Mwalimu akatazama mabao matatu bila kusema neno. La nne akagusa kioo kwa kidole. "Huyu namba tatu wako akipanda, nani anabaki nyumbani?"

Hakuna aliyebaki. Usiku ule nikachukua daftari nikayapitia yote 14, nikaandika mpira ulipotelea wapi na adui alipita wapi. Mabao 9 yalipita upande wetu wa kushoto, kwenye ule mfereji kati ya beki wa pembeni na beki wa kati. Matatu yalikuwa ya kona. Mabeki wa kati niliowalaumu, ukitazama vizuri, walikuwa wanaachwa wawili dhidi ya watatu, na mmoja alilazimika kukimbilia pembeni kuziba pengo lisilo lake.

Hapa ndipo nilipoanza kuuheshimu mchezo huu kwa dhati, maana kosa lilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kwenye maagizo yangu. Namba tatu, beki wa kushoto, nilimpa jukumu la kushambulia. Namba 11, winga aliye mbele yake, nilimwagiza aingie ndani, kwa hiyo upande wote ukabaki wa namba tatu peke yake. Namba nane, aliyekuwa kiungo wa kushoto, nilimpa kazi ya kukimbia kutoka boksi hadi boksi. Watu watatu wa upande mmoja, wote wako mbele mpira unapopotea! Presha ya juu ikawa inaficha aibu hiyo kipindi cha kwanza. Baada ya dakika ya 60 miguu inachoka, presha inakatika, na pasi moja ndefu inatosha.

Sikugusa umbo la timu. Namba tatu nilimshusha kutoka kushambulia hadi kusaidia, hivyo anapanda mpira ukishatulia, si kabla. Kiungo wa kushoto nikampa jukumu la kulinda akae mbele ya mabeki, na uhuru wa kukimbia nikampa mwenzake wa kulia. Mstari wa ulinzi nikaushusha hatua moja, kwa sababu mabeki wangu wa kati wana kasi 9 na 10, na mabeki wa kasi hiyo wakiachwa na mita 40 nyuma yao hawamfikii straika yeyote wa daraja lile. Mstari wa kuanzia presha nao nikaushusha. Watu wengi wanasahau kwamba hii mistari miwili inakwenda pamoja: ukishusha mabeki ukawaacha washambuliaji wanapresi kule juu, katikati panabaki uwanja mtupu na namba kumi wa adui anageuka bila bugudha. Mechi za ugenini nikaagiza kwamba tukipoteza mpira, wachezaji warudi kujipanga kwanza badala ya kuukimbilia palepale.

Mechi 10 zilizofuata tuliruhusu mabao 6. Beki niliyetaka kumuuza alicheza zote 10.

Ukiziba tundu la nyuma, jingine linaonekana mbele, na hili ni jambo ambalo nalipenda kupita yote. Tulipoanza kupanda kwenye msimamo, timu ndogo zikaacha kutufuata. Zinakuja Pride Park, uwanja wetu, zinapaki basi, watu kumi nyuma ya mpira, tunapata sare ya 0-0 tukiwa na mashuti 20. Mashuti mengi yalikuwa ya mbali, yakigonga miguu ya mabeki. Nilipunguza kasi ya mchezo, nikatanua uwanja, nikaagiza wasipige hovyo kutoka nje ya boksi. Namba saba, winga wa kulia, nikamwambia abaki amekanyaga chaki ya pembeni ili beki wao amfuate na nafasi ifunguke ndani. Haikuwa dawa ya mara moja. Ilichukua wiki tano hivi, lakini tulimaliza nafasi ya 5 na kuingia kwenye mchujo wa kupanda daraja.

Machache kwa anayefikiria kuununua. Kiswahili hakimo, kwa hiyo utahitaji Kiingereza cha kutosha kusoma maelezo, ingawa maneno yanajirudia na baada ya wiki mbili unayazoea. Laptopu ya kawaida inatosha, ila ukianzisha mchezo chagua ligi mbili au tatu tu. Ukichagua ligi kumi, mashine ya RAM ndogo itakuchosha kwa kusubiri. Kuupakua ni mzigo mkubwa, tafuta bando la usiku. Umeme ukikatika katikati ya mechi na betri yako haishiki chaji, hiyo mechi imekwenda, kwa hiyo weka mchezo ujihifadhi mara kwa mara. Wa simu nao ulitoka, kupitia Netflix, lakini mbinu zake ni chache, na kazi hii ya kuchimbua udhaifu huipati kwa kina hiki.

Kwangu mimi unastahili kila shilingi, na sababu kubwa ni lile daftari. Hata Jumamosi nikiwa Kirumba jukwaani, mpira ukipotea katikati macho yangu yanakwenda moja kwa moja kumtafuta beki wa pembeni aliyepanda, kabla hata wenzangu hawajaanza kupiga kelele.

Zimebaki kona. Toleo hili limeongeza kocha maalumu wa mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki, na nimemwajiri mmoja, lakini bado tunafungwa. Nimeziandika zote za msimu: mabao 7, na 5 kati yake yameingilia nguzo ya mbali. Nadhani namba tatu wangu ndiye mfupi tuliyemweka pale. Mwalimu amesema Jumapili akitoka mazoezini atapita tuzitazame.