Fomu ya ridhaa: karatasi au simu?

Ukimpiga mvuvi wa Lamu picha ya tangazo, saini yake ya kukubali picha itumike uichukulie wapi? Karatasi anaielewa: anaishika, anamwita mwanawe amsomee, anatia dole gumba. Ubaya wake ni kulowa, na siku mteja akiidai, huijui iko boksi gani.

Programu ya simu huhifadhi fomu pamoja na picha na tarehe, ila wengi huchora saini kwenye kioo bila kusoma neno. Kwa wanamitindo wa mjini inatosha.

Kwa watoto mimi sibahatishi: karatasi, mzazi akiwepo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.