Ujerumani na China: urafiki upi ulishika mizizi?

Reli ya zamani inayopita hapa Dodoma ililetwa na Mjerumani enzi za ukoloni. Baada ya uhuru tulianza naye upya, lakini mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilichukizwa na ubalozi mdogo wa hasimu wake, Ujerumani Mashariki, jijini Dar es Salaam, ikakata msaada wa kijeshi. Nyerere akakataa na misaada iliyobaki!

China ilitupa mkopo usio na riba, tukapata TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860. Nasi mwaka 1971 tukaipigania iingie Umoja wa Mataifa. Kwangu mimi, huu ndio ulioshika mizizi, maana kila upande ulitoa.

Ujerumani ilichelewa. Novemba 2023, Rais Steinmeier aliomba radhi Songea kwa mauaji ya Maji Maji, na nilifarijika kweli.