Kocha anaijua dawa ya slaisi, ila usimuulize swali

"Piga tu, madam." Hilo ndilo jibu nililopewa na kocha niliyemlipa mapema, kifurushi kizima kwa M-Pesa, kwenye uwanja mmoja wa mazoezi ya gofu hapa Nairobi. Swali langu lilikuwa la haki kabisa: mbona nikielekeza mabega kushoto ili kufidia, mpira ndio unazidi kukata kulia? Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Waliokuwa wakipiga pembeni wakacheka.

Mimi hutumia mkono wa kulia, na slaisi yangu si ya jana. Mpira unatoka vizuri, roho inatulia, halafu unapinda kulia na kupotelea kwenye miti. Nimeshaambiwa kila kitu: kichwa chini, punguza kasi, nyoosha mkono wa kushoto. Hiyo ya kichwa chini ndiyo inayonikera kuliko zote, maana kocha huyu aliirudia kutwa nzima na haigusi kabisa chanzo cha tatizo. Kwa sehemu kubwa mpira huanza kuelekea pale uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugonga. Kisha hupinda kulia iwapo uso huo uko wazi, yaani unatazama kulia zaidi, kuliko njia inayopita fimbo. Nikigeuza mabega kushoto, njia nayo inakwenda kushoto, pengo linapanuka, slaisi inazidi. Basi! Maelezo ya dakika moja, nami nikayatafuta mwenyewe usiku ilhali kuna mtu nimemlipa anieleze.

Badala yake masomo yaliyofuata yakawa ya kurekodiwa video na kulinganishwa na swingi za mabingwa, yaani jinsi wanavyozungusha fimbo. Kiwiko hakikai vizuri, nyonga imechelewa, mara fimbo imevuka mstari. Mchezaji gofu wa kulipwa Jim Furyk ana swingi yenye kitanzi kikubwa kule juu, na alishinda US Open mwaka 2003, kisha mwaka 2016 akamaliza raundi ya PGA Tour kwa mipigo 58 tu. Uso wa fimbo ukifika sawa kwenye mpira, urembo wa video una kazi gani?

Na kinachoniuma ni kwamba kocha huyu anajua. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajanizoea, aliushika mkono wangu wa kushoto akauzungusha kidogo kulia juu ya mpini, hadi nikawa naona vifundo viwili, karibu vitatu. Akasema nisibane sana. Mpira ukaenda moja kwa moja, na mwingine ukapinda kushoto kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nianze gofu. Nilipiga kelele za furaha pale pale.

Juzijuzi nimecheza Pwani. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo slaisi inayovumilika huku ikifika Mombasa hupinda zaidi. Mshiko ule ukanibeba. Kwa fimbo za chuma nilikaa kwenye nyasi fupi karibu raundi nzima, na wenzangu wakauliza nimefundishwa na nani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msikanyage pale. Sasa siwezi, maana somo lile la kwanza limenifaa kuliko vifaa vyote nilivyonunua. Nendeni, lakini lipeni somo moja moja, msidanganywe na punguzo la kifurushi. Akishapata pesa yote mtu yule hubadilika. Na bado nikikumbuka kile kicheko natamani kufuta hata sifa hizi nilizompa. Mtu mzima amelipa, ameuliza kwa heshima, anajibiwa kama mtoto msumbufu!

Ofisini wameniambia pesa hazirudishwi. Sawa, basi nipewe kocha mwingine. Masomo yaliyobaki ni yangu, nimeyalipia, na draiva, ile fimbo ya mipigo mirefu, bado inakata kulia.