TAHADHARI: Diski "mpya" za terabaiti 4 Kariakoo, SMART (rekodi ya afya ya diski) imefutwa

Wakuu, kama unapanga kununua diski ya Seagate IronWolf "mpya, haijafunguliwa" kwa bei ya kutupa, soma kwanza. Mimi laki na themanini yangu imeshakwenda.

Ilikuwa kwenye mfuko wake unaong'aa, stika safi. Dukani kijana akaichomeka kwenye Windows, ikasoma vizuri. Nyumbani nikaiweka kwenye Debian (Linux), nikapiga amri ya kusoma SMART, smartctl -a /dev/sdb: Power_On_Hours (saa ilizowashwa) 3, Reallocated_Sector_Ct (sekta zilizohamishiwa akiba) 0, Current_Pending_Sector (sekta zinazoshindwa kusomeka) 0. Nikaamini.

Siku ya tano rsync (programu ya kunakili mafaili) ikaganda katikati ya picha za harusi ya dada yangu. Diski ikawa inatoa mlio wa tk, tk, kimya, tk. dmesg (ujumbe wa mfumo wa Linux) inamwaga "I/O error, dev sdb" mfululizo, na Pending imeruka hadi 48.

Ndipo nikakumbuka smartctl -l farm (inataka smartmontools 7.4 kwenda juu). Hilo FARM ni daftari la pili ambalo diski hizi za Seagate hujiandikia zenyewe, na aliyefuta SMART alilisahau. Saa 26,411! Yaani miaka mitatu inazunguka usiku na mchana, halafu naambiwa mpya. Kiwanda hakina kosa hapa. Mchezo huuhuu uliibuliwa Ujerumani mwanzoni mwa 2025.

Muuzaji nilipompigia: "Bro hiyo Linux yako tu, ifomati yote itakaa sawa." Msimsikilize. Sekta iliyo Pending ikiandikwa upya, diski ama inaikubali tena au inaihamishia kwenye sekta za akiba, na ile 48 inarudi sifuri. Ukiijaza sifuri diski nzima, kesho inaonekana malaika, na ushahidi umeufuta kwa mkono wako. Hifadhi kwanza matokeo ya smartctl kwenye faili, kisha okoa data kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. dd, amri ya kawaida ya kunakili diski, inasimama kwenye kosa la kwanza. Na badblocks -w (kipimo cha sekta mbovu kwa kuandika) usiiguse kabisa kama kuna data, inafuta kila kitu.

Ukienda dukani beba laptopu na adapta ya USB (nyingine hazisomi SMART bila kuongeza -d sat kwenye smartctl). Linganisha saa za SMART na za FARM kabla hujatoa hela. Akikukatalia kupima, ondoka.

Kijana yuko "njiani" tangu Jumatatu. Akinirudishia hela nitahariri hapa.